Majina Manane Bila Cheo



Tangu igizo letu la nyimbo kuhusu watoto wa Bagamoyo lichezwe katika sikukuu ya Somo wa seminari, na baadaye katika parokia mbili za jirani, wapendwa wasomaji mmetuuliza mambo mengi. Wengine mmeomba noti. Wengine mmetaka kujua ile minyororo tuliitoa wapi (tuliazimwa na fundi wa gereji, ni ya kuvutia magari). Lakini swali linalorudi kuliko yote ni hili: nani hasa aliandika wimbo wa kengele? Tumekuwa tukijibu, "Tuliandika sisi," na tunaona nyusoni kwamba jibu halitoshi, kana kwamba tunamficha mtu. Kuna jambo kweli, na leo tutalisema kwa sababu wahusika wameturuhusu. Hata hivyo jibu letu halikuwa la kukwepa. Tunaomba mtuvumilie tueleze kwa nini.

Tulianza tukiwa wanane: mafrateri watano, na vijana watatu wa kwaya ya parokia tunakokwenda utume siku za Jumamosi. Kila mwaka siku ya Somo huchezwa igizo, na kwa miaka mingi limekuwa Mwana Mpotevu yule yule, anayekula makapi yale yale, huku nyimbo zikipigwa kutoka kwenye simu. Safari hii tulitaka kutunga kila kitu wenyewe: hadithi, maneno, tuni na hata mapigo ya ngoma. Hakuna kati yetu aliyewahi kufanya kazi kama hiyo. Mmoja anapiga kinanda, mwingine anajua kuandika solfa, waliobaki tulikuwa na masikio tu.

Tulichagua Bagamoyo kwa sababu tulikuwa tumetoka kuhiji huko. Mji ule ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, na watu waliofikishwa pale wakiwa wamefungwa walivushwa kwenda Zanzibar kuuzwa. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakafungua misheni. Waliwakomboa watoto kwa fedha, yaani waliwanunua sokoni ili wawaweke huru, wakawafundisha dini, kusoma, useremala na kilimo. Waliokua walioana wakakaa katika kijiji chao cha Kikristo. Soko la Zanzibar lenyewe lilifungwa mwaka 1873. Ukisimama leo kwenye makaburi ya wamisionari pale misheni utaona jinsi wengi wao walivyokufa wakiwa vijana, karibu na umri wetu. Tulirudi kwenye basi tukiwa kimya, na kabla ya kufika nyumbani tulishakubaliana.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kugawana. Tulidhani kazi ya watu wanane ni kazi moja iliyokatwa vipande vinane, kila mmoja akaenda na onyesho lake. Baada ya wiki tatu tulirudi na maigizo manane. Katika moja padre alikuwa mzee mwenye busara, katika jingine alikuwa kijana anayeumwa homa, na katika la tatu hakuwepo kabisa. Mhusika wetu mkuu alikuwa na miaka sita kwa mmoja na kumi na minne kwa mwingine. Tuliyatupa karibu yote. Kuanzia hapo tulikaa meza moja bwaloni, daftari moja, kalamu moja, kila Jumamosi kuanzia saa tisa hadi kengele ya Masifu ya Jioni. Mwenye kalamu haruhusiwi kuandika neno ambalo wengine hawajalisikia likisemwa kwa sauti. Ni njia ya taabu sana. Jumamosi nzima ilipita tukibishania kama mtoto wa pwani angesema "maji" au "bahari".

Wimbo wa kengele ulizaliwa hapo mezani. Misheni ya zamani iliongozwa na kengele: kuamka, kusali, kwenda shambani, kula, kulala. Maisha yetu ni hayo hayo, na sisi tumefundishwa kwamba kengele ya seminari ni sauti ya Mungu. Mwenzetu mmoja, frateri, alileta mstari: "Kengele yanihesabu." Alikusudia kuandika wimbo wa kuchekesha kidogo, watoto wakikimbia kupanga mstari. Mpiga kinanda akaupa tuni ya haraka. Tukacheka, tukaimba mara mbili, tukakwama, kwa kuwa mstari wa pili haukuja. Ndipo dada mmoja wa kwaya, anayeimba sauti ya pili, akasema polepole: "Jina langu haijui." Tukanyamaza. Alitueleza kwamba akiwa na miaka kumi na mitano alifanya kazi za ndani mjini, na kwa mwaka mzima aliitwa "dada", na mtoto wa nyumba akamwita "dada", na mgeni akamwita "dada", wala hakuna aliyemuuliza jina lake. Mpiga kinanda alirudi akaipunguza kasi ile tuni. Mwenzetu wa solfa akaishusha sauti ya besi ikawa inagonga noti moja tu, do, do, do, kama kengele yenyewe. Sasa mtuambie, ndugu zetu, wimbo huo ni wa nani?

Mabishano makubwa yalikuja baada ya hapo. Waliosoma barua za wamisionari wa wakati ule wanaeleza kwamba si wote waliokombolewa waliokaa kwa furaha. Wapo waliolalamikia ukali wa taratibu, na wapo waliotoroka. Je, tuwaweke jukwaani? Watatu kati yetu walikataa. Walisema watu watakuja kusherehekea, wasipewe kashfa, na tena hao mapadre walitoa maisha yao. Wengine tukasema kwamba anayependa marehemu wake hahitaji kuwapaka rangi. Tulirushiana maneno ambayo tulilazimika kuyaungama. Mlezi wetu alisoma mswada, hakutukataza wala hakutupongeza, aliuliza tu: "Huyo mtoto anakimbia kwenda wapi?" Hatukujua. Tulikuwa tumeandika mtu anayekimbia ili sisi tuonekane majasiri wa kusema ukweli. Tulipotafuta jibu tukagundua kwamba anakwenda kumtafuta mtu anayekumbuka jina alilopewa na mama yake. Kuanzia hapo hata wale watatu walilitaka onyesho hilo, na padre kijana katika igizo akapata mstari wake bora kuliko yote, ambao ni swali: "Unaitwa nani?"

Kutunga pamoja namna hii si jambo geni hapa kwetu. Mwaka 1982 tamthilia ya Harakati za Ukombozi ilitoka ikiwa na majina matatu ya waandishi, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya. Kule Kamiriithu nchini Kenya, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikikuyu, kisha wanakijiji wakaurekebisha mswada mazoezini, wakisahihisha lugha na nyimbo. Serikali ililisimamisha igizo hilo, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini. Mambo yetu ni madogo mno mbele ya hayo. Tunayataja kwa sababu parokiani tunasikia watu wakisema utunzi ni kipaji cha mtu mmoja anayejifungia chumbani.

Kuna waliotulaumu kuhusu muda. Frateri asome na asali, wanasema, maigizo ni ya vijana wa WAWATA na VIWAWA. (Ndivyo mzee mmoja alivyosema, ingawa WAWATA ni mama zetu, si vijana, na wao wenyewe walicheka.) Hoja ina uzito, na mmoja wetu alishuka alama za Maandiko muhula ule, haikuwa sababu ya igizo peke yake, lakini igizo lilichangia. Tungejipanga vizuri zaidi. Hata hivyo tunakumbuka kwamba Karol Wojtyła alikuwa akiigiza na rafiki zake kwa siri katika nyumba za watu mjini Kraków wakati wa vita, katika kundi lililoanzishwa mwaka 1941, na mwaka 1942 akaingia seminari iliyokuwa nayo ya siri. Wala hatujachanganya igizo na liturujia. Tulicheza ukumbini, si kanisani.

Sasa jambo lenyewe. Wiki tano kabla ya sikukuu ya Somo, mwenzetu yule aliyeleta mstari wa kwanza wa wimbo wa kengele aliondoka seminarini. Hakufukuzwa na hakuwa na kesi. Alisali, alizungumza na walezi kwa muda mrefu, akaona wito wake ni mwingine. Sisi tuliobaki tulipigwa na butwaa, tukaendelea na mazoezi tukiwa na pengo kwenye sauti ya tena.

Ndipo maneno yakaanza. Wengine walitushauri, kwa nia njema, tuutoe wimbo. Wengine walisema tuuache ila jina lake lisitajwe kwenye karatasi ya ratiba, maana waamini watauliza, na michango ya kulea miito inatoka kwao. Na baada ya onyesho tukasikia jambo lililotuuma zaidi: "Si mliona? Mtu anayeandika kwamba kengele haijui jina lake alishaanza kuondoka siku nyingi. Wimbo ule ni ungamo lake."

Ndugu zetu, mstari huo hakuuandika yeye. Uliandikwa na dada wa sauti ya pili, ambaye hajawahi kuwa mseminari na yupo kwaya mpaka leo. Mwenzetu alileta mstari wa kuchekesha. Mmemsoma mtu kwa maneno ya mwingine, mkatoa hukumu, na hukumu hiyo imefika nyumbani kwao. Ndiyo maana tunaposema "tuliandika sisi" tunamaanisha hivyo hasa. Katika kazi iliyofanyika meza moja huwezi kuchomoa uzi wa mtu mmoja ukasema huu ndio moyo wake.

Tulipompigia simu kumuuliza kuhusu jina, alisema tuliondoe. "Wimbo ni wenu," alisema. "Mama bado hajawaambia watu jumuiyani." Mama huyo alikuwa akiitwa Mama Frateri kijiji kizima, na sasa anapita njia ya nyuma kwenda sokoni. Tunawaomba wanajumuiya mlifikirie hilo. Kijana anayepima wito wake kwa uaminifu na kuona siyo, amefanya kile ambacho malezi yapo ili akifanye. Kwa nini basi anarudi kijijini kama aliyeiba? Tunajua mnawapenda wanaobaki. Sisi tunaobaki tunasali vibaya zaidi tukijua kwamba mlango wa kutokea umewekewa aibu, kwa sababu hapo mtu anaweza kubaki kwa woga, na padre aliyebaki kwa woga atakuja kuwa wenu.

Tulikaa tena mezani, saba, na dada yule ndiye aliyepata njia. Alisema tatizo si jina, ni neno lililotangulia jina. Ukiandika Frateri mbele ya wanne na usiandike mbele ya mmoja, umemnyooshea kidole. Basi tukaandika majina manane kwa mfuatano wa alfabeti, hakuna Frateri, hakuna Ndugu, hakuna Mwalimu, wala hatukusema nani aliandika nini. Tukampigia tena. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kama jina lake limeandikwa kwa herufi sahihi, kwa kuwa huwa watu wanalikosea. Lilikuwa limekosewa. Tukalirekebisha.

Kwa parokia zinazotuuliza zianzie wapi, tunasema anzeni na fupi. Andrew Lloyd Webber alikuwa na miaka 19 na Tim Rice 23 pale igizo lao la Yusufu na kaka zake lilipoimbwa mara ya kwanza, mwezi Machi 1968, katika shule ya wavulana mjini London. Lilikuwa na urefu wa robo saa hivi. Robo saa ya kwenu wenyewe, yenye kosa la noti na jina la mtakatifu wenu, inazidi saa mbili za kuazima kwenye simu. Tafuteni watu msiofanana. Tungekuwa mafrateri watupu tungeandika wimbo wa kuchekesha kuhusu kengele.

Daftari la nyimbo limeshachapwa, na nakala zinapatikana kwa mwalimu wa kwaya kwa gharama ya karatasi tu. Wimbo wa kengele uko ukurasa wa 11. Mtaona kwamba tena inapanda juu kuliko kawaida mahali pawili. Aliyeiimba tulipokuwa tunaitunga ana sauti hiyo, nasi hatujampata mwingine wa kuifikia, kwa hiyo kwa sasa tunaishusha nusu noti.