RELI YA MALABA: NANI ATAPANDA, NANI ATASUKUMA?



Siku hizi kila palipo na wafanyakazi watatu, tangu lango la kiwanda cha simiti Tororo hadi kwenye mizani ya miwa upande wa Busia, maneno ni yale yale: reli mpya inakuja. Wengine wanafurahi, wengine wanaogopa kwa ajili ya kazi zao, na wako wanaocheka tu, kwa kuwa habari hiyo wameisikia tangu wakiwa na nywele nyeusi. Mimi si mhandisi. Nilimaliza shule ya msingi nikaingia kazini. Lakini kazi ya chama hunilazimisha kuuliza maswali mawili kwa kila jambo linaloitwa maendeleo: nani analipa, na nani atafaidika?

Kwanza tukumbuke ya kale, maana wakubwa wanapenda tusahau. Reli ya kwanza ya kwenda Uganda haikuanza mwaka 1896 kama tulivyofundishwa shuleni. Ilianza mwaka 1890 pale Mombasa, nayo ilikuwa ya kampuni ya Waingereza iliyokuwa imepewa nchi yetu kama mtu anavyopewa shamba. Reli zake zilikuwa nyembamba, upana wa inchi 24. Walitandika kama maili saba, fedha zikawaishia, wakaacha. Basi vyuma vile vilifanywa nini? Viling'olewa vikatandikwa katika mitaa ya Mombasa, na juu yake vikawekwa vigari vidogo vyenye viti na paa la turubai. Afisa alikaa kitini na kofia yake, na Waafrika wawili wakamsukuma kwa nyuma wakikimbia juani. Vigari hivyo vilitembea Mombasa mpaka motokaa zilipoenea katika miaka ya 1920. Miji mingine ya dunia ilikuwa na tramu za farasi, kisha za umeme. Tramu yetu sisi ilikuwa ya jasho la mtu.

Reli yenyewe ilipojengwa kuanzia 1896 hadi kufika Kisumu mwaka 1901, vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kwa mkataba kutoka India, na karibu 2,500 kati yao wakafa. Wanandi waliopinga ardhi yao kukatwa walipigwa vita, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa mwaka 1905. Baadaye njia nyingine ikapitia Eldoret hadi Tororo na ikafika Kampala mwaka 1931. Kutoka Tororo tawi likaenda Mbale na Soroti, na mwishowe Gulu na Pakwach. Ndiyo maana Tororo ikawa mji wa reli.

Na Busia? Tawi la Kisumu lilifika Butere mwaka 1930 likasimama hapo. Pamba ya Busia ilikuwapo, watu walikuwapo, kodi ya kichwa ilikuwa ikilipwa. Reli haikuja. Watu wa mpakani wakajitengenezea usafiri wao wenyewe. Katika miaka ya 1960 vijana wa hapa walianza kubeba abiria nyuma ya baiskeli, kuwavusha kutoka boda mpaka boda, na jina hilo la bodaboda leo linatajwa Afrika Mashariki nzima. Ndugu zetu walemavu nao wakageuza baiskeli zao za magurudumu matatu kuwa malori ya kuvushia mizigo. Nasema haya ili mtu asije kutuambia kwamba watu wa Busia wanangoja kufundishwa usafiri ni nini.

Sasa tuje kwenye reli hii mpya pana. Kenya ilijenga kutoka Mombasa hadi Nairobi, ikafunguliwa 2017, kwa gharama ya shilingi bilioni 327 za Kenya, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China. Kisha ikajenga kilomita 120 hadi Suswa kwa dola bilioni 1.5, ikafunguliwa Oktoba 2019. Mkopo wa kuendelea mbele haukupatikana, na ncha ya reli ikabaki pale Suswa, kwenye nyasi, miaka mingi. Uganda nayo ilitia sahihi mkataba na kampuni ya China mwaka 2015, ikangoja fedha miaka minane, ikauvunja 2023. Mwezi wa Oktoba 2024 ikatia sahihi mwingine na kampuni ya Kituruki, Yapi Merkezi: kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala kwa yuro bilioni 2.7. Piga hesabu mwenyewe, utaona ni karibu yuro milioni 10 kwa kila kilomita. Kwa upande wa Kenya njia iliyopangwa ni Naivasha, Kisumu, kisha Malaba.

Wako wanaosema deni hilo ni la serikali, sisi halituhusu. Ndugu, tangu mwaka 2013 Kenya imekuwa ikitoza ushuru wa reli juu ya bidhaa zinazoingia kutoka nje. Ulianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo. Mfanyabiashara halipi ushuru huo kutoka mfukoni mwake, anauweka katika bei. Ukinunua viatu vya mtoto vilivyotoka ng'ambo, umelipia reli. Mkata miwa wa Busia amekwisha kununua tikiti ya reli hii kwa zaidi ya miaka kumi, na gari lenyewe hajaliona. Kwa hiyo tusizungumze kama waombaji, maana sisi tu wanunuzi.

Je, chama kinapinga reli? Hapana. Malori yanayosimama Malaba kwa siku kadhaa hayamnufaishi mfanyakazi. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva walilala barabarani katika foleni ya kilomita nyingi, bila choo wala maji, na waliitwa wachukuzi wa ugonjwa huku ndio waliokuwa wakileta mafuta na dawa. Reli ikichukua makontena mazito, barabara itadumu na ajali zitapungua. Hilo nalikubali bila ubishi.

Lakini angalieni yaliyotokea Mombasa, maana ndiyo kioo chetu. Reli ilipofika Nairobi, mizigo haikuifuata kwa hiari, kwa kuwa lori lilikuwa rahisi zaidi kwa wengi. Basi serikali ikatoa amri kontena zipakiwe kwenye reli. Madereva, matanboi, mafundi wa tairi, mama lishe wa kandokando ya barabara, walinzi wa yadi, wote wakapata pigo. Mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana kila Jumatatu. Amri ikalegezwa, na mwaka 2022 serikali mpya ikaiondoa. Pigo liliwafikia hata watu wa vituo vya njiani kama Mariakani na Mtito Andei, ambao hawakuwa na habari wala sauti katika jambo hilo. Mei 2020 ikatoka amri nyingine kwamba mzigo wa Uganda ushukie Naivasha.

Ncha ikifika Malaba, zamu ni yetu. Hesabuni watu wanaokula kutokana na malori Malaba na Busia: mawakala na makarani wao, wapakiaji, wabadili fedha, wenye vyumba vya kulala, wauza chapati, wavulana wa kuosha magari. Hakuna hata mmoja ambaye jina lake limo katika mkataba wa yuro bilioni 2.7. Nataka kusikia kutoka kwa serikali zote mbili, kabla ya taruma la kwanza kutandikwa hapa, mpango wao kwa watu hawa ni upi. Wakisema "kazi mpya zitapatikana", tuwaulize ngapi, za nani, na kwa mshahara gani.

Maana kazi zitakuwapo, hilo ni kweli, na hapa ndipo chama kinapaswa kuwa macho. Mfano mmoja. Reli ya Kenya inavutwa na vichwa vya dizeli, na ya Uganda imepangwa kuwa ya umeme. Hali ikibaki hivyo, pale Malaba kichwa kimoja kitafunguliwa na kingine kufungwa, mchana na usiku. Hiyo ni yadi, karakana, mafundi, watu wa zamu. Yadi hiyo itakuwa upande gani wa mto, na itafuata sheria ya kazi ya nchi gani? Wanasiasa watagombania itakaa wapi. Sisi tuhakikishe kwamba popote itakapokaa, chama kitaingia. Tena mataruma ya reli pana ni ya zege, na zege ni simiti. Tororo imetengeneza simiti tangu miaka ya 1950. Simiti ya reli ikitoka mbali huku vinu vya Tororo vikipunguza zamu, hayo yatakuwa maajabu ya mwaka.

Kwa vijana watakaoandikwa kazi ya ujenzi, shikeni haya, muyakate myabandike ukutani. Upande wa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Upande wa Uganda, Kanuni za Ajira za 2011 hazimruhusu mwajiri kumweka mtu kibarua kupita miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Waajiri wanazijua kanuni hizi kuliko sisi. Ndiyo maana mnyapara humwambia kijana akae nyumbani wiki moja, kisha arudi na kuandikwa upya kama mgeni. Wekeni kumbukumbu ya siku mlizofanya kazi, kila siku, katika daftari la shule la mtoto ikibidi. Daftari la namna hiyo limewahi kumnyamazisha wakili mbele ya hakimu.

Na wakulima wenzetu wa Tororo ambao njia itapita mashambani mwao wasisahau Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 26: fidia ya haki hulipwa kabla ya ardhi kuchukuliwa. Ni kabla. Mtu akija na tingatinga na ahadi, mwambieni arudi na hundi. Wanaopanga vyumba vya kukodi katika njia hiyo, na wengi wao ni wafanyakazi wa kiwandani, mara nyingi hawahesabiwi kabisa, kwa kuwa nyumba si yao. Mwenye nyumba hulipwa, na mpangaji huondoka na godoro kichwani. Jambo hili tulitie katika madai yetu.

Limebaki swali la abiria, nalo mimi ndilo linaloniuma kuliko yote. Kila hotuba ya reli hii ni makontena, makontena. Mfanyakazi naye ni mzigo usiofaa? Zamani mtu alipanda gari moshi Tororo akaenda Mbale, au akavuka kwenda Eldoret na Nairobi, daraja la tatu, na kuku wake kwenye kikapu. Huduma hizo ziliachwa zikafa. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977 kwa ugomvi wa wakubwa. Baadaye, mwaka 2006, reli zikakodishwa kwa kampuni ya watu binafsi kwa miaka 25, wafanyakazi wengi wakapoteza kazi, na mkataba ukavunjika baada ya miaka kama kumi na mmoja, mabehewa yakiwa na kutu.

Addis Ababa walijenga tramu ya umeme ndani ya mji, ikafunguliwa 2015, kwa dola milioni 475. Nauli ilikuwa ndogo na wafanyakazi waliipanda kwa maelfu. Hapo Wahabeshi walitushinda, nasema kweli. Lakini magari yalikuwa 41, na baada ya miaka michache mengi yalikuwa yamelala kwa kukosa vipuri, maana vipuri vinahitaji fedha za kigeni. Kwa hiyo anayetuahidi gari aeleze pia nani atalitengeneza, na kama mafundi wetu watafundishwa au watakuwa wa kushika tochi tu. Na aeleze nauli. Gari la Mombasa hadi Nairobi lilianza kwa shilingi 700 mwaka 2017. Januari 2024 ikawa 1,500. Kwa kibarua wa shambani hiyo ni jasho la siku ngapi?

Sisi wa mpakani hatuombi makubwa. Malaba hadi Tororo ni mwendo mfupi, na reli ya zamani ipo, imelala hapo tangu wakati wa babu zetu. Behewa mbili tatu za asubuhi na jioni, zilizopangwa kufuata saa za zamu, zingewapeleka watu kazini kwa nauli isiyokula robo ya mshahara, kama inavyokula matatu na bodaboda sasa. Kwa Busia mjini, ambako reli haitafika hata safari hii maana mwisho wake ni Malaba, kama kilomita 30 hivi, tunataka basi la kuunganisha lenye nauli iliyopangwa pamoja na reli. Haya hayahitaji mkopo wa mabilioni, ila yanahitaji mtu wa kuyadai.

Kwa hiyo katika mkutano ujao wa kila tawi, wawakilishi wa wafanyakazi walete hesabu tatu: wanachama wangapi wanavuka mpaka au kusafiri kwenda kazini, wanatumia kiasi gani kwa nauli kila mwezi, na zamu zinaanza na kwisha saa ngapi. Wa Tororo waongeze majina ya wapangaji wanaokaa katika njia ya reli. Karatasi zote zifike ofisi ya chama kabla ya mwisho wa mwezi, zimeandikwa kwa wino, si kwa penseli.