KIFAA CHA KISUKARI KIMFUATE MGONJWA

Mwenye kisukari huonana na daktari kwa dakika chache katika miezi kadhaa. Siku zote zilizobaki hujiuguza mwenyewe kwa mlo, mwendo, dawa na kipimo. Ndiyo maana vifaa vipya vya kielektroniki vimepokewa kwa matumaini makubwa. Tangu mwaka 2014 kimeuzwa Ulaya kipimo kidogo kibandikwacho nyuma ya mkono wa juu, ambacho kwa siku 14 husoma sukari katika majimaji yaliyo chini ya ngozi na kuonyesha iwapo inapanda au inashuka.

Maendeleo hayo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, tarakimu peke yake haimtibu mtu. Mgonjwa anayesoma 14 asubuhi, asijue kama apunguze wali, atembee au akimbilie hospitali, amepewa khofu tu. Kifaa chenye manufaa huigeuza tarakimu kuwa tendo linalowezekana nyumbani.

Nyumba za Visiwani zina desturi zake. Chai yetu ni tamu, na wali huliwa pamoja katika sinia moja. Kifaa kinachomtaka mtu aandike gramu za kila tonge kitatupwa kabatini kabla ya mwezi kwisha. Ramadhani nayo hubadilisha saa za kula na za dawa. Na miongozo ya kitabibu humtaka mgonjwa afungue mara sukari inaposhuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita. Senegal ililitambua jambo hili: mwaka 2014 ilianza kuwapelekea wenye kisukari mawaidha ya Ramadhani kwa ujumbe mfupi wa simu. Simu ya kawaida ilitosha.

Kwa hiyo, kabla ya Serikali kununua au kupokea msaada wa vifaa hivi, yafaa iweke masharti. Kwanza, stripu za kupimia zihakikishwe kwa miaka, Unguja na Pemba, kwani mashine isiyo na stripu ni pambo. Pili, kifaa kiseme Kiswahili na kistahamili ukosefu wa umeme. Unguja haijausahau mkatiko wa Desemba 2009 hadi Machi 2010. Tatu, soko lilindwe. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watu dhidi ya saa na pete zinazodai kupima sukari bila ya kutoboa ngozi, kwani haikuwa imeidhinisha hata moja. Anayejipimia insulini kwa kuamini tarakimu ya uongo anaweza kupoteza maisha katika muda wa saa chache.

Zaidi ya yote, wagonjwa na wauguzi wetu waulizwe mapema, wakati kifaa kingali kikichaguliwa. Wao ndio watakaokitumia, na macho na miguu itakayookolewa au kupotea ni yao.