TUSIWAKEMEE TU WACHOMA MAKALA, TUWAFUNDISHE



Kila mara yakija maneno ya pori, tunasikia hotuba ile ile: «Acheni kukata miti!» Mchoma makala anajibu: «Na shiye tutakula nini?» Maneno yanaishia pale, na shoka linarudi ku kazi. Sisi tunaona kwamba hotuba ya namna ile haimfundishi mtu.

Tuseme kweli. Barraji ya Mwadingusha, katika teritware yetu ya Kambove, ilianza kutoa umeme mwaka 1930. Lakini hata leo, katika nyumba nyingi bukari inapikwa paka na makala ku mbabula. Tutamlaumu mchoma makala namna gani, na sufuria ni yetu?

Pori hili linatulisha pia: bowa, finkubala, asali, masuku. Profesa François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya miombo. Pori likiisha, chakula hicho kinaisha pamoja nalo.

Basi watu wafundishwe nini?

Kwanza, kisiki. Miti mingi ya miombo ikikatwa haikufi, inachipuka tena. Tusing'oe kisiki, na tusikate vijiti vyake mbele havijakomaa. Pori linaweza kurudi, lakini linaomba miaka mingi.

Pili, moto. Moto wa mwezi wa tano, majani yakiwa bado na maji, hauna nguvu sana. Moto wa mwezi wa tisa, kila kitu kikiwa kimekauka, unaua machipukizi mengi. Na mara nyingi anayeuwasha ni kijana anayetafuta panya. Panya kumi kwa pori nzima: ni biashara gani hiyo?

Tatu, sheria. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 na dekri ya tarehe 2 Agosti 2014 zinaruhusu watu wa kijiji kuomba pori la mababu wao liwe msitu wao wenyewe, mpaka hektari 50.000, na kulichunga. Lakini sheria hizo ziliandikwa kwa Kifaransa. Mzee wa kijiji atazijua namna gani, kama hakuna mtu wa kumuelezea mu Swahili?

Mtu huyo ni nani? Njo sisi! Tunasoma biolojia, tunasoma Kifaransa. Likizo kubwa inaanza mwezi wa saba, mbele ya moto mbaya wa mwezi wa tisa. Kila mmoja akifika kwao, akae na wazee, aongee kwa heshima, asikilize pia, maana wao wanajua majina ya miti kutupita. Aombe pasta dakika tano kisha ibada.

Tusome Kumbukumbu la Torati 20:19. Hata wakati wa vita, Waisraeli walikatazwa kuangusha miti ya matunda ya mji waliouzunguka. Kama shoka la vita liliwekewa mpaka, la makala je?