Onyo la jeki lisomeke kwa lugha ya fundi

Mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, bomba la moshi la gari langu lilikatika katika Barabara ya Naivasha, mtaani Kawangware, likawa linaburura chini. Wapita njia walinielekeza kwa fundi mmoja wa makamo aliyekuwa akifanya kazi kando ya barabara pamoja na kijana anayejifunza. Kijana alitia jeki ya haidroliki chini ya gari, akaupiga mkono wake mara kadhaa, nalo gari likainuka. Akatandaza gunia, akalala chali, tayari kuingia.

Fundi akamshika mguu. "Ngoja kwanza, kijana. Liangalie gurudumu."

Sote tukatazama. Gari lilikuwa likishuka taratibu mno, hata jicho lisilozoea lisingetambua. Fundi alipoitoa jeki, niliona karatasi ya maonyo iliyobandikwa ubavuni mwake, imechapishwa kwa Kiingereza kitupu. Nilimwuliza kijana kama amepata kuisoma. Alitabasamu kwa haya, akanijibu, "Hiyo ni ya kampuni, Mwalimu. Sisi tunaangalia mzigo tu."

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi ya jeki, asiyeutambua ufa huenda asipate hata wasaa wa kuujenga huo ukuta. Ndiyo sababu nimeona vyema kuwaandikia walimu wenzangu na wanafunzi juu ya chombo hiki ambacho wengi wetu hukiona kila siku bila ya kukifikiria. Dai langu ni moja: maarifa yanayomwokoa kijana yule yasifungiwe katika lugha ambayo haitumii kazini.

Hebu tutazame kwanza jinsi jeki inavyofanya kazi. Ndani yake mna pistoni mbili, moja ndogo na nyingine kubwa, na kati yao mna mafuta. Mafundi husukuma ile ndogo kwa mkono wa chuma. Mafuta hayashindiliki kwa urahisi, kwa hiyo msukumo huo husambaa sawasawa na kuifikia pistoni kubwa. Jambo hili lilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, na mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akapewa hataza ya mtambo wa kushindilia vitu uliotumia kanuni hiyo hiyo. Tuseme pistoni ndogo ina eneo la sentimita mraba 1, na kubwa ina sentimita mraba 20. Ukiisukuma ndogo kwa uzito wa kilo 50, kubwa itainua kilo 1,000. Lakini hakuna cha bure: ili mzigo upande sentimita 1, pistoni ndogo haina budi kusafiri sentimita 20. Ndiyo maana mkono hupigwa mara nyingi.

Sasa tazama neno ambalo wanaistilahi wa Kiswahili wametupa kwa jambo hili: kanieneo. Ni kani, yaani nguvu inayosukuma, ikiunganishwa na eneo ambalo nguvu hiyo inalikandamiza. Maana ya kisayansi imo ndani ya neno lenyewe. Mwanafunzi anayelijua neno hili anakumbushwa kila alitamkapo kwamba nguvu hugawanywa kwa eneo. Yule anayekariri neno la Kiingereza hana budi kukariri na ufafanuzi wake kando. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hivyo anayedai leo kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi amechelewa zaidi ya miaka 30.

Turudi Kawangware. Fundi yule hakuitupa jeki wala hakuipiga nyundo. Aliichunguza kwa mpangilio ambao mwalimu yeyote wa sayansi angeuonea fahari. Kwanza aliipangusa kwa kitambaa, akatazama kama mafuta yanavuja nje. Yanapovuja kuizunguka pistoni, kosa aghalabu ni la mpira wa kuzuia mafuta, ambao mafundi huuita sili. Jeki ile ilikuwa kavu. Pili, akahakikisha kwamba vali ya kushushia imefungwa barabara, kwa kuwa ikiachwa wazi hata kidogo mafuta hurudi yalikotoka. Ilikuwa imefungwa. Tatu, akaishusha pistoni hadi mwisho, akafungua kizibo na kupima mafuta. Jeki yenye mafuta machache huinua nusu tu kisha hukwama. Mafuta yalitosha.

Nne, akaupapasa mkono. Mkono unaorukaruka kama springi ni dalili ya hewa ndani, kwa kuwa hewa, tofauti na mafuta, hushindilika. Hapo dawa ni kuilegeza vali, kuupiga mkono haraka haraka bila mzigo ili hewa itoke, kisha kuifunga tena. Mkono wa jeki yetu haukuruka. Basi akakata shauri: kama haivuji nje, ina mafuta, haina hewa na bado inashuka, mafuta yanapenya ndani. Aliifungua vali, akatoa gololi ndogo inayoziba tundu, na hapo tukaona chembe ya uchafu imegandamana nayo. Chembe moja tu ilikuwa imetosha kulishusha gari zima.

Aliosha, akaweka mafuta mapya ya jeki, akamwonya kijana asithubutu kutia mafuta ya breki, kwani hayo huiharibu mipira ya ndani. Jeki ilipojaribiwa tena ilisimama imara. Hata hivyo, fundi hakumruhusu kijana aingie kabla ya kuweka vigingi vya chuma chini ya fremu na kuzuia magurudumu kwa magogo. "Jeki ni ya kuinua," alimwambia, "si ya kushikilia." Kanuni hiyo ndiyo kiini cha karatasi ile ya Kiingereza, na kijana aliielewa kwa maneno machache tu ya lugha anayoitumia.

Kabla msomaji hajaniambia kwamba haya ni mambo ya mafundi wa vichochoroni, nimkumbushe kwamba kanuni hizi hazijui tabaka. Huko Ulaya na Marekani kuna magari ambayo ni nyumba kamili, yenye vitanda na jiko, na ambayo husawazishwa kwa miguu ya haidroliki yanapoegeshwa mahali penye mteremko. Mguu mmoja ukishuka usiku au ukikataa kurudi juu, uchunguzi hufuata njia ile ile: mafuta, uvujaji, hewa, vali. Ziada ni kwamba pampu yake huendeshwa na umeme, kwa hiyo na betri haina budi kupimwa. Mwenye gari hilo hupewa kitabu cha maelekezo katika lugha yake. Kijana wa Kawangware anapewa kitabu cha nani?

Nenda Kibera nako utayaona hayo hayo. Mtaa huo ulianzishwa na Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la kikoloni, na leo una watu wa takriban kila kabila la nchi hii. Katika karakana za huko fundi aweza kuwa Mluhya, mwanafunzi wake Mjaluo, na mteja wao Mkamba. Wanaelewana kwa Kiswahili. Wanasema jeki inavuja, inarudi chini, imeingiwa na hewa. Mtaalamu wa lugha akiyasikiliza maneno hayo kwa makini atagundua kuwa kila moja linataja dalili tofauti na kuelekeza kwenye tiba tofauti. Huo si uhaba wa lugha hata kidogo. Ni istilahi inayoishi, ila haijaandikwa.

Wapo watakaonijibu kuwa Kiingereza ndicho lugha ya sayansi duniani, na kwamba kijana akitaka kuendelea hana budi kukijua. Sipingani nao. Mimi mwenyewe nimesoma kwa lugha hiyo na sijutii. Lakini kukijua Kiingereza kesho si sababu ya kumnyima maarifa leo. Kijana aliyeacha shule kwa kukosa karo hangoji kufaulu mtihani ndipo aingie chini ya gari. Anaingia asubuhi hii. Jirani zetu wa Tanzania wamefundisha sayansi ya shule za msingi kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, wala kanuni ya Pascal haijabadilika kwa kutamkwa kwa lugha hiyo.

Nini basi kifanyike? Kwanza, Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ni haki kudai kwamba chombo kinachoweza kuua kisiuzwe nchini bila maonyo ya Kiswahili ubavuni mwake. Pili, mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kwa upana mwaka 2019, unasisitiza kutenda kuliko kukariri. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi na washirikiane. Mmoja alete jeki kuukuu darasani, mwingine awape wanafunzi kazi ya kuandika maelekezo ya kuichunguza, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili sanifu. Insha ya namna hiyo ina manufaa zaidi kuliko ile ya kusimulia likizo ambayo tumeisahihisha mpaka tukachoka.

Tatu, na hili nawaambia wanaisimu wenzangu, tutoke ofisini. Tumezoea kuunda istilahi mezani kisha kulalamika kwamba umma hauzitumii. Twende Kibera na Kawangware na daftari, tuulize, tusikilize, tuandike. Tumpelekee fundi neno kanieneo, naye atupe majina aliyoyapa makosa na vipuri ambavyo kamusi zetu hazijavitaja.

Niliporudi siku nyingine kuwashukuru, nilimpelekea kijana yule maonyo ya jeki niliyoyaandika upya kwa Kiswahili kwenye kadi ngumu. Aliyasoma yote kwa sauti, akanisahihisha neno moja ambalo alisema hakuna fundi atakayelielewa. Nililifuta nikaandika lake. Kisha akaitundika kadi hiyo mahali wanapoweka spana, ambapo kila anayekwenda kuchukua chombo ataiona.