Kupekua Simu Hakutulizi Moyo

Leo naomba tuguse jambo lililomo kwenye nyumba nyingi ila tunalipa majina mengine. Mmoja akipiga simu mara kumi kwa siku, tunasema ana wivu. Mwingine akinuna kimya na kurudi usiku wa manane, tunasema ana roho ngumu. Mimi nasema wote wawili wanaogopa.

Mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifuatilia watoto wachanga na mama zao katika vijiji vya karibu na Kampala, hapa jirani kabisa. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye anayethubutu kutambaa mbali na kucheza. Asiye na uhakika hulia hata akiwa amebebwa. Mwaka 1987, Cindy Hazan na Phillip Shaver wa Marekani wakaonyesha kuwa hata mapenzi ya watu wazima yana sura hizo: kuna anayetulia, anayeng'ang'ania na anayekwepa.

Sasa waweke anayeng'ang'ania na anayekwepa ndani ya ndoa ya miaka kumi. Huyu anapekua simu, yule anahisi kubanwa na kujichimbia kazini. Kadiri huyu anavyomfuata, ndivyo yule anavyokimbia. Hata kitandani, mmoja anatafuta uthibitisho kwamba bado anapendwa, mwingine anatoa mwili na kuubakiza moyo. Wanalala pamoja, kila mtu peke yake.

Na sisi tunawashauri nini? Kwenye kicheni pati bibi harusi anaambiwa avumilie. Bwana harusi anaambiwa awe kidume. Yaani anayeogopa kuachwa tunamfundisha kunyamaza, na anayeogopa kukaribiwa tunampa sifa!

Tusichanganye mambo, lakini. Anayedanganywa kweli, au anayepigwa, tatizo si hofu yake. Tatizo ni mwenzake.

Ila kwa waliobaki, dawa ipo. Badala ya "ulikuwa wapi?", jaribu kusema "ukichelewa bila kuniambia napata hofu." Na wewe unayekwepa, ukihitaji kupumua sema unarudi lini, kisha urudi kweli. Moyo hautulizwi na nywila ya simu. Unatulizwa na mtu ambaye ukimwita anaitika, leo, kesho na mwakani.