Msimlaumu Karani

Tovuti ya taasisi inapochezewa, wa kwanza kunyooshewa kidole ni karani. Huambiwa alibofya asichokijua, kisha hupelekwa semina. Napinga desturi hii kwa kuwa inamwadhibu mnyonge na kumficha mwenye dhamana.

Tutazame Madibira, wilayani Mbarali, ambako maji ya mto Ndembera hunywesha mashamba ya mpunga. Tuseme mgawa maji hufungua lango kila aletewapo karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti, bila kuuliza imeandikwa na nani. Mwizi akichomeka karatasi yake katika lundo linalosubiri muhuri, maji yataenda kwake. Muhuri ni wa kweli, agizo ni la kughushi. Kosa ni la utaratibu usiouliza.

Ndivyo programu-jalizi mbovu zinavyohadaiwa. Karani ameingia kwenye tovuti ya ofisi, na kivinjari chake kinatunza kidakuzi kinachothibitisha kuwa ni yeye. Akifungua ukurasa mwingine wenye hila, ukurasa huo hutuma ombi kimyakimya kwa tovuti ya ofisi, nacho kivinjari huweza kuambatisha kidakuzi kile. Nywila haikuibwa, lakini mipangilio imebadilishwa kwa jina lake. Vivinjari vipya vimeipunguza hila hii, havijaimaliza.

Dawa inajulikana: kila fomu ibebe alama ya siri ambayo tovuti ya nje haiijui, na ombi lisilo nayo likataliwe. WordPress, inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani, huwapa watengenezaji wa programu-jalizi nyenzo hiyo tayari. Yenyewe iliwahi kuteleza, na Machi 2019 ikatoa toleo la 5.1.1 kuziba tundu la aina hii. Lakini tundu lililozibwa huko hubaki wazi kwa asiyesasisha.

Tutaambiwa fedha hakuna. Kusasisha WordPress ni bure, na programu-jalizi iliyotelekezwa na mtengenezaji wake huondolewa bila malipo. Hasara iko katika kumlipa mjenzi wa tovuti bila mkataba wa matunzo, kisha kumsahau.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Basi taasisi isiyo na mtu wa kutunza tovuti yake isikusanye majina na namba za simu za wakulima. Na siku lango litakapofunguliwa kwa hila, aitwe aliyeidhinisha tovuti ile, ajibu yeye kwanza.