Acheni Kuvisingizia Vyungu

Waandishi wenzangu, tuambizane ukweli. Kila nikisoma hadithi zetu vijana, bibi hakosi, chungu cha bibi hakikosi, na ubavuni mwa chungu lazima iwepo mistari yenye "siri ya mababu". Siri gani? Mwandishi hasemi, maana haijui. Kaiokota mjini kwa wauza vinyago, kaipeleka kijijini kama zawadi.

Mimi naishi Ntalikwa, Tabora. Elimu yangu ni kidato cha nne, na riwaya yangu bado imo daftarini. Hata hivyo uvivu huu naukataa. Wafinyanzi wa Afrika Mashariki huchora kwa ncha ya kijiti, kwa kamba ya kusokotwa, hata kwa gunzi la mahindi. Mikwaruzo ile husaidia mtungi usiteleze mkononi ukilowa. Kama mstari una jina, mwenye kulijua ni mama aliyeuchora. Wanavajo wa Marekani huacha pengo katika utepe wa nakshi shingoni mwa chungu, na wenyewe wamelieleza: ni njia ya kutokea. Sisi tumemwuliza nani?

Hasara yake si ndogo. Historia ya Tabora tunaianzia kwenye misafara: Burton na Speke Kazeh mwaka 1857, Livingstone Kwihara mwaka 1872. Eti kabla yao giza tupu. Wapi! Uvinza, kwenye njia hiyohiyo ya Ujiji, mwaka 1967 wataalamu walifukua penye chemchemi za chumvi wakakuta vigae vya karne ya 5 au ya 6. Na vyungu vya Urewe, kule magharibi mwa Kenya, vinatambulika kwa mistari iliyochanjwa na kibonyeo cha kitakoni. Wenye vyungu hivyo hawakutuachia kitabu. Tunawajua kwa mistari yao.

Hata neno "kuumba" tunalojivunia sisi watunzi lina asili moja na kufinyanga udongo katika lugha za Kibantu. Tumelichukua neno, mwenyewe tumemwacha.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Leo ndoo za plastiki na sufuria zimemnyang'anya hata wateja, nasi tunamwongezea uongo juu ya kazi yake. Hebu chukua daftari, nenda ukae naye, umwamkie kwanza, kisha umwulize mstari huu unaitwaje. Akikujibu, "Urembo tu, mwanangu," andika hivyohivyo.